Mfuko wa stoma unapopiga kelele: mwongozo kamili wa kuishi na milio yake

Niseme ukweli mapema tusipotezeane muda: mlio wa stoma, yaani ule utumbo uliotolewa nje kupitia tundu la tumboni ili uchafu uingie kwenye mfuko uliobandikwa hapo, hauzimiki. Hakuna dawa, hakuna mfuko wala chakula kitakachounyamazisha moja kwa moja. Kule chini kwenye njia ya kawaida kuna msuli wa kubana, ndo maana mtu anaweza kujizuia mpaka atoke nje, lakini utumbo uliotolewa tumboni hauna huo msuli, kwahiyo gesi ikifika mlangoni inatoka tu, uwe sokoni uwe mbele ya mama mkwe. Ila kuna jambo wengi wetu hatuambiwi siku tunayoruhusiwa hospitali, nalo ni kwamba mlio una ratiba. Hauji ovyo kama unavyodhani. Ukishaijua ratiba ya tumbo lako kazi inayobaki ni ya kupunguza, kufunika, na kujua cha kusema ukitokea mbele za watu.

Mimi nina kolostomi, yaani stoma ya utumbo mpana, ulijisokota ukabidi ukatwe. Wapo wenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, mfano wale ambao taifodi iliwatoboa utumbo mwembamba, wapo wa saratani, wa ajali za bodaboda, na watoto waliozaliwa bila njia ya haja kubwa. Nitakuwa natofautisha kolostomi na ileostomi kila inapobidi maana tabia zao hazifanani kabisa.

Hatua ya 1: jua ni mlio gani

Watu wanasema tu "mfuko unapiga kelele" lakini kelele ziko za aina nne na kila moja ina tiba yake, ukizichanganya utahangaika bure, utaacha maharage mwaka mzima wakati tatizo lako lilikuwa plastiki.

Ya kwanza ni gesi yenyewe inapotoka kwenye stoma. Hii ndo inayofanana na ushuzi na ndo inayotuaibisha. Ya pili ni kunguruma kwa ndani, ile grrrr ya maji na hewa vikisukumana kwenye utumbo, hii kila binadamu anayo ila wenye ileostomi wanaisikia zaidi kwa sababu uchafu wao ni majimaji. Ya tatu ni plastiki, mfuko unachakacha ukitembea au ukigeuka kitandani. Ya nne ni za chooni, yaani kufungua ile klipu au mkunjo wa chini unaotoa krrrr, halafu mchapo wa uchafu ukidondoka.

Kaa siku chache usikilize tu bila kubadilisha kitu. Andika kwenye simu: saa ngapi umekula, nini, na saa ngapi mlio umekuja. Usiruke hii hatua hata kama unaona ni ya kitoto, maana hatua ya 2 yote inaitegemea.

Na kama ndo umetoka kwenye operesheni juzi, punguza hofu. Stoma mpya inakuwa imevimba na utumbo unakuwa bado haujatulia, wiki 6 hadi 8 za mwanzo ndo zinakuwa na fujo nyingi, baadaye inapungua yenyewe. Usijipangie maisha yako yote kwa kelele za mwezi wa kwanza.

Hatua ya 2: piga hesabu ya saa

Gesi ya chakula haitoki palepale. Kwa mwenye ileostomi inachukua kama saa 2 hadi 4 tangu ale, kwa mwenye kolostomi ya upande wa kushoto ni kama saa 6 hadi 8, sababu safari ni ndefu na gesi nyingi inatengenezwa na bakteria kwenye utumbo mpana. Sasa weka kwenye siku ya kawaida. Umekunywa chai na maandazi na maharage saa 2 asubuhi. Mwenye ileostomi ategemee fujo kati ya saa 4 na saa 6, yaani katikati ya kikao cha asubuhi. Mwenye kolostomi kikao hicho anapita salama kabisa, yake inakuja saa 8 mchana hadi saa 10 wakati ofisi imetulia na kila mtu kasinzia kwenye meza yake. Akila maharage mchana saa 7, mlio unamkuta saa 1 hadi saa 3 usiku, sebuleni na familia, ambako nani anajali.

Kwahiyo swali sio "nile au nisile maharage", swali ni nile saa ngapi. Mimi kwa kweli siamini kwenye kumnyima mtu chakula. Watu wanaopewa orodha ndefu ya usile hiki usile kile wanaishia kula wali mweupe na chai ya rangi, wanakonda, halafu kelele ziko palepale.

Kuna mlio mwingine usioendana na hiyo hesabu. Ukianza tu kula, tumbo linaamka na kusukuma kilichokuwepo, hivyo ndani ya nusu saa unaweza kusikia vitu hata kama chakula chenyewe hakijafika kokote. Kahawa inafanya hivyohivyo. Asubuhi ndo kipindi utumbo unachangamka zaidi, kwahiyo kama unaweza, amka mapema, kunywa kitu cha moto, kula, tulia nyumbani, mwaga mfuko, ndo utoke. Ukitoka mbio na kwenda kunywa chai ya kwanza pale kazini, onyesho zima litafanyikia kazini.

Na usikae na njaa ukidhani tumbo tupu ni tumbo kimya, ni kinyume chake. Utumbo usio na kitu unajaa hewa na unanguruma vibaya sana. Kula kidogokidogo mara nyingi kuliko kushindilia mara moja. Wanaofunga Ramadhani wanaijua hiyo kelele ya alasiri, na kama una ileostomi ongea na daktari kabla ya kufunga maana wewe unapoteza maji na chumvi haraka kuliko wengine, hilo ni kubwa kuliko kelele.

Hatua ya 3: punguza hewa inayoingia

Sehemu kubwa ya hewa tunaimeza wenyewe. Kuongea huku unatafuna, kula haraka, kunywa kwa mrija, bigijii, sigara, soda na bia, meno bandia yasiyokaa vizuri. Zile bigijii na pipi zisizo na sukari ni mbaya mara mbili, unameza hewa na ule utamu wake wa bandia unachachuka tumboni. Kama unapenda soda, mimina kwenye glasi, koroga, iache mapovu yaishe, inakuwa haina raha lakini inashuka kimya.

Kwenye chakula wenyewe tunawajua: maharage, kunde, choroko, dengu, kabichi, kitunguu kingi, viazi vitamu, na maziwa kwa wale ambao tumbo lao haliyapendi. Mayai yanasingiziwa sana, yana harufu zaidi kuliko kelele. Katika vyakula vya wanga wali ndo unaoleta gesi kidogo kuliko vingine, ila kiporo kina gesi zaidi kidogo maana wanga ukipikwa ukapoa unakuwa mgumu kumeng'enywa, kwahiyo siku ya usaili wa kazi achana na kiporo.

Maharage yapike hivi: loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, yakichemka dakika kama 10 mwaga tena, weka maji mengine ya moto ndo uyapike mpaka yavurugike. Kinacholeta gesi kinayeyuka kwenye maji, ukiyamwaga unakuwa umemwaga na sehemu ya tatizo. Rojo linapungua utamu kidogo, nazi inafidia.

Dawa za gesi za duka la dawa zenye simethikoni zinasaidia baadhi ya watu, zinavunja mapovu makubwa. Vidonge vya mkaa sivipendi bila ushauri wa mfamasia maana vinanyonya na dawa zako nyingine.

Hatua ya 4: mkono

Hii ndo silaha kubwa na haina gharama. Ukihisi gesi inakuja, na utaihisi, kuna kamsukumo fulani ka joto kabla haijatoka, weka kiganja au mkono wa chini ya kiwiko juu ya mfuko, sawasawa na stoma ilipo, bana kwa uthabiti bila kukandamiza, shikilia mpaka ipite. Mlio unazimwa na nyama ya mkono wako. Ukiangaliwa kwa nje ni mtu amekunja mikono tu.

Fanya mazoezi chumbani kwanza, peke yako, nguo zote zikiwa mwilini, mpaka mkono ujue mahali bila kutazama. Kwenye kikao egemea mbele ukiwa umekunja mikono kwenye ukingo wa meza. Kwenye daladala pakata mkoba au begi tumboni, ingawa kusema kweli kwenye daladala na ule muziki na konda anavyogonga bati hata ukipiga tarumbeta hakuna atakayesikia. Kina dada kanga ya begani ishushe, ikunje, iweke mapajani na mkono juu yake.

Tahadhari mbili. Kidonda kikiwa kibichi bana kwa upole sana. Na usikae umebana muda mrefu, uchafu ukikosa pa kwenda unapita chini ya ile sehemu inayonata na mfuko unavuja, na hapo utatamani ungeiacha kelele itoke.

Hatua ya 5: funika mfuko

Kelele ya plastiki inatibika kabisa, hii usiivumilie hata siku moja. Shona kifuniko cha kitambaa. Chukua tisheti kuukuu ya pamba, weka mfuko mpya juu yake, chora kuuzunguka ukiacha nafasi ya vidole viwili kila upande, kata vipande viwili. Kipande cha nyuma kitoboe duara kubwa kidogo kuliko ile sehemu inayonata, pinda ukingo wake usichanike. Unganisha pembeni na juu, chini acha wazi ili uweze kumwaga bila kukivua. Fundi cherehani yeyote wa mtaani atakimaliza ndani ya muda mfupi, mpelekee mfuko mtupu kama kipimo na huna haja ya kumweleza ni wa nini. Shonesha kadhaa uwe unafua. Kitenge kipya usikitumie kabla hujakifua mara mbili tatu, kile kigumu cha dukani kinachakacha kuliko hata mfuko.

Kitambaa kinasaidia na jasho pia, kwa joto la Dar plastiki ikigusana na ngozi mchana kutwa inaleta vipele.

Juu ya hapo vaa nguo ya kushikilia: bukta ya kubana, skin taiti ya kiuno kirefu, au ule mkanda mpana wa tumbo wanaovaa waliojifungua. Usibane sana, uchafu ukishindwa kushuka unagandia juu karibu na stoma. Halafu shati la kuning'inia au dera. Tabaka mbili tatu za pamba zinameza sauti nyingi kuliko suruali moja nzito ya jinzi.

Na kwa wanaotumia mifuko ya kutengeneza wenyewe, maana mifuko ya dukani bei yake inaumiza na sio kila mkoa inapatikana, najua wengi walikuwa wanafunga rambo mpaka zilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Hizi nailoni za kufungashia ni kavu na zina kelele sana. Zifikiche mkononi mpaka zilainike kabla ya kuzifunga, na lazima izungushiwe kitambaa cha pamba mara mbili, kimoja cha kunyonya na kimoja cha kufunika.

Hatua ya 6: usiache mfuko uvimbe

Mfuko ukijaa hewa unakuwa umetuna, kila kinachotoka kinagonga humo na kila ukigusa unalia. Mifuko mingi ya kisasa ina filta ya mkaa pale juu, inatoa hewa taratibu bila sauti na bila harufu. Filta inakufa ikilowa. Ndo maana kwenye boksi kuna vile vistika vidogo, wengi tunavitupa tukidhani ni mapambo, kumbe ni vya kuzibia filta ukiwa unaoga, ukimaliza unakibandua.

Mfuko wa vipande viwili, yaani sehemu ya kunata na mfuko vinatenganishwa, nenda chooni fungua pembe ya juu kidogo, hewa itoke, funga. Wa kipande kimoja, inua mkia wake, ile sehemu ya chini ya kumwagia, uelekee juu, fungua, toa hewa, funga. Usitoboe kwa pini! Najua kuna watu wanashauri hivyo, ukitoboa umepata mluzi na harufu isiyoisha.

Mwaga mfuko ukifika theluthi, usingoje ujae. Kwa ndani dondosha matone machache ya mafuta ya mtoto kabla ya kuuvaa, sugua kwa nje yasambae, uchafu utateleza chini badala ya kunata juu na ile sauti ya kufyonza inapungua. Mafuta yasiguse filta wala sehemu ya kunata.

Hatua ya 7: chooni

Choo cha kukaa: weka tishu kadhaa juu ya maji kwanza, uchafu unadondokea kwenye karatasi, mchapo hausikiki. Choo cha kuchuchumaa, hasa vile vya nyumba za kupanga ambapo jirani yuko ukuta wa pili: mwaga kata moja ya maji kwanza sakafu ilowe, chuchumaa au piga goti moja, shusha mkia wa mfuko karibu kabisa na tundu, fungua taratibu. Ule mkunjo unaotoa krrrr ufungue wakati unamimina maji kwa mkono mwingine, au bomba likiwa wazi. Futa mkia kwa tishu, funga, maliza. Ukizoea ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya 8: sehemu za kimya

Msibani kubaya kuliko kote. Sio kwa ajili ya kilio, bali kwa kukaa chini mkekani, ukijikunja tumbo linabanwa na gesi inasukumwa nje. Tafuta ukuta, egemea, nyoosha miguu. Omba kiti, mtu aliyefanyiwa operesheni hanyimwi kiti msibani.

Msikitini ni sijda. Mwaga mfuko kabla ya kutia udhu, chagua mahali karibu na feni. Kuhusu udhu wenyewe usijitese, mwenye udhuru wa kudumu ana hukumu yake na wengi wanafundishwa kutia udhu wakati wa swala ukishaingia kisha kuswali hata kikitoka kitu, muulize sheikh wako akueleze kwa madhehebu yenu. Kanisani kaa upande wa kwaya au kinanda, ila ile sala ya kimya hamna namna, ni mkono tu.

Usiku kula mapema, mwaga kabla ya kulala, kumbatia mto uguse upande wa stoma. Kwa mwenza wako ongea mapema mkiwa mmevaa nguo, sio katikati ya shughuli. Kabla ya faragha mwaga, funga kanga laini kiunoni, na mkubaliane mapema kwamba ikilia mnacheka mnaendelea.

Hatua ya 9: imelia, sasa useme nini

Kwetu kujamba mbele za watu ni aibu kubwa, tusidanganyane, na anayesikia hajui kuhusu stoma, anajua umejamba. Kwanza elewa kwamba wewe unaisikia kubwa zaidi kuliko wenzako, iko mwilini mwako. Mara nyingi ukinyamaza na kuendelea kuongea hakuna anayejua imetoka wapi. Ukishtuka na kujishika tumbo ndo umejitaja.

Ikiwa kubwa mno sema tu: "Samahanini, nilifanyiwa operesheni ya tumbo, huwa linalia lenyewe." Sentensi moja, kisha rudi kwenye mada. Usianze kueleza utumbo ulivyokatwa. Kwa bosi na mtu unayekaa naye meza moja ni vizuri wakajua kabla, tena kwa sentensi hiyohiyo, na itakusaidia pia ukihitaji kwenda chooni mara kwa mara. Watoto waambie tumbo la mama au baba lina mdomo wake, wataliitikia likilia, wiki moja wamesahau.

Hatua ya 10: kusafisha utumbo kwa maji

Hii ni kwa wenye kolostomi ya kushoto peke yao, ileostomi usijaribu. Unaingiza maji safi ya uvuguvugu kupitia stoma kwa kifaa maalumu, kati ya nusu lita na lita moja, utumbo unajisafisha, na wengi wanakaa siku nzima au zaidi bila uchafu na gesi ikiwa imepungua sana. Inachukua karibu saa nzima na inabidi ifanyike muda uleule. Lazima daktari akubali na nesi akufundishe mkono kwa mkono, sio kwa video, na wenye ngiri kwenye stoma au walio kwenye mionzi huwa wanakatazwa.

Kelele isiyo ya kawaida

Tumbo likianza kunguruma kwa nguvu kuliko siku zote, linakuja na msokoto wa maumivu, na kinachotoka ni maji matupu au hakitoki kitu, hiyo sio gesi, huenda utumbo umeziba. Wenye ileostomi ndo walio hatarini zaidi, hasa wakila karanga, mahindi ya kuchoma, nazi, au embe lenye nyuzi bila kutafuna vizuri. Ikipita saa 4 hadi 6 hakijatoka kitu na tumbo linauma au limevimba, au unatapika, nenda hospitali usingoje kupambazuke. Vilevile stoma iliyokuwa inapiga kelele ikanyamaza ghafla huku tumbo linajaa, nenda. Ikibadilika rangi kuwa ya zambarau iliyokolea au nyeusi, nenda mbio. Beba mfuko wa akiba na karatasi yako ya operesheni, mwambie wa mapokezi una stoma ya aina gani, na usimeze dawa yoyote ya kulainisha choo kabla hawajakupima.